Mtu Mwenye Ulemavu Asilazimishwe Kugawa Siri Zake

Mkazi wa Kachibora, Trans Nzoia, ambaye mikono yake haifanyi kazi, akihitaji huduma ya serikali leo, mara nyingi hulazimika kwanza kutoa siri zake. Humpa mtu wa saiba, kibanda cha huduma za mtandao, namba ya kitambulisho, nywila ya eCitizen (tovuti kuu ya huduma za serikali) na simu yenyewe, ili msimbo wa uthibitisho ukiingia usomwe na ujazwe kwa mkono wa mwingine. Akiondoka pale, huduma huenda ameipata, lakini funguo za maisha yake zimebaki kwa mtu asiyemjua vyema. Ulemavu wake haukumfikisha hapo. Aliyemfikisha hapo ni fundi aliyeunda tovuti akidhani kila Mkenya ana vidole kumi vinavyomtii, pamoja na ofisa aliyeipokea kazi hiyo na kuilipia bila kuuliza. Tunapiga kengele kwa sababu madirisha ya ofisi yanazidi kufungwa na huduma kuhamishiwa kwenye tovuti hizo, na wasioweza kuzitumia hawajaulizwa lolote.

Uhamisho huu umekwenda mbio. Juni 2023 serikali ilizindua programu ya simu ya Gava Mkononi na kutangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa kwenye eCitizen. Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, na wananchi wakahimizwa kujisajili mtandaoni au kwa kubonyeza *147#. Marejesho ya kodi hupelekwa kupitia iTax. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne huchagua kozi ya chuo kwenye tovuti ya KUCCPS. Mkulima wa mahindi anayetaka mbolea ya ruzuku, mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 2,500, lazima awe kwenye sajili ya kidijitali na asubiri ujumbe kwenye simu. Hata msamaha wa kodi ambao sheria inampa mfanyakazi mwenye ulemavu, kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, huombwa kupitia iTax. Haki iliyowekwa kwa ajili yake imefungiwa nyuma ya mlango asioweza kuufungua.

Ingefaa iwe kinyume chake. Hakuna anayeuhitaji mtandao kuliko mtu asiyeweza kutembea. Kutoka Kachibora hadi Kituo cha Huduma cha Kitale, mtu mwenye kiti cha magurudumu hulipa nauli yake na ya mlezi, na mara nyingi hata ya kiti, kisha hubebwa kuingizwa kwenye matatu kama gunia mbele ya abiria. Msimu wa mvua, njia za kutoka mashambani chini ya vilima vya Cherang'any hadi kwenye lami humshinda hata mzima wa miguu. Mtu huyo akiweza kumaliza shughuli zake akiwa nyumbani, kwa simu iliyofungwa kwenye mkono wa kiti chake, ameokoa pesa, siku nzima na heshima yake. Mtandao ulikuwa na uwezo wa kumpa yote hayo. Kinachomzuia kuyapata ni namna kurasa zilivyopangwa, na kurasa hupangwa na watu wanaolipwa kwa kodi yetu.

Serikali haiwezi kudai kuwa haiwajui watu hawa. Kupitia Inua Jamii, hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali, yaani anayehitaji mlezi wakati wote. Majina yao yamo kwenye vitabu vya serikali. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 916,692 wenye ulemavu kuanzia umri wa miaka mitano, na asilimia 42 kati yao walikuwa na shida ya kutembea. Idadi hiyo yenyewe ni ndogo kuliko hali ilivyo, kwa kuwa familia nyingi bado huwaficha watu wao siku ya kuhesabiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba asilimia 16 ya watu duniani wana ulemavu wa aina fulani, ilhali sensa yetu ilipata asilimia 2.2 tu.

Wala ulemavu wa viungo si jambo la kuzaliwa nalo pekee. Katika eneo hili, bodaboda huvunja migongo ya vijana kila msimu. Mashine za kukatia nyasi za ng'ombe na za kupukuchua mahindi hukata mikono ya wakulima. Watoto hupata mtindio wa ubongo pale uzazi unapokuwa mgumu na msaada kuchelewa. Kiharusi humwangusha mama wa miaka 50 akiwa sokoni. Wapo bado wazee waliopatwa na polio utotoni. Anayesoma tahariri hii akiwa na mikono mizima hana hati inayomhakikishia kuwa atabaki hivyo hadi mwaka ujao.

Njia za kumwezesha mtu wa namna hiyo kutumia kompyuta na simu zipo, na nyingi si geni. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza aliyefariki mwaka 2018, aliandika na kuhutubia kwa kutikisa msuli mmoja wa shavu uliosomwa na kihisi. Programu aliyoitumia, iliyotengenezwa na kampuni ya Intel, ilitolewa bure kwa umma mwaka 2015. Simu za Android zina njia ya kutumia swichi moja badala ya vidole, na tangu 2021 kamera ya mbele inaweza kugeuza tabasamu, kuinua nyusi au kufungua kinywa kuwa amri. Simu za iPhone zilipata udhibiti wa swichi mwaka 2013, na wa macho mwaka 2024. Kuandika Kiswahili kwa kusema tu, Google ilikuwezesha mwaka 2017. Sauti haimfai kila mtu, kwa sababu wengi wenye mtindio wa ubongo husema kwa namna ambayo mashine haiielewi, ila swichi, kijiti cha mdomoni na jicho huwafikia wengi ambao sauti imewashinda.

Ni vyema msomaji ajue swichi inavyofanya kazi, kwa kuwa hapo ndipo kosa la tovuti zetu linapoonekana wazi. Mtumiaji hana kipanya wala hagusi kioo. Mwangaza hupita juu ya kila kiungo na kila kitufe kwenye ukurasa, kimoja baada ya kingine, na ukifika anapotaka yeye hubonyeza swichi kwa goti, kidevu au kichwa. Ukurasa ukiwa na viungo 60 vya menyu na matangazo kabla ya kuifikia fomu, na mwangaza ukikaa sekunde moja kwa kila kimoja, dakika nzima imekwisha kabla hajaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Ukurasa uliopangwa vizuri huwa na kiungo mwanzoni kabisa kinachomrusha moja kwa moja hadi kwenye fomu. Kukiweka ni kazi ya mistari michache ya msimbo.

Baada ya hapo huja vizuizi vingine. Tarehe ya kuzaliwa huombwa kwa kalenda isiyokubali kuandikwa, inayomtaka mtu arudi nyuma mwezi mmoja mmoja: aliyezaliwa miaka 60 iliyopita atabonyeza mara 720. Vitufe hubanwa vidogo hivi kwamba mkono unaotetemeka hugusa "Futa" badala ya "Endelea". Kitufe cha kutuma fomu huchorwa kwa urembo usiotambuliwa na kibodi wala swichi, hivyo mwangaza hukiruka kana kwamba hakipo. Dirisha dogo la tangazo hufunguka na kumnasa ndani yake, asipate njia ya kulifunga. Picha za vivuko na pikipiki huletwa ili athibitishe kuwa yeye ni binadamu. Kisha, akiwa amebakiza sehemu mbili amalize, ukurasa humtoa nje kwa sababu amechelewa, na kila alichokijaza hufutika. Menyu za simu za kubonyeza nyota na reli nazo hukatika kabla mtu wa polepole hajajibu. Akikata tamaa na kwenda ofisini mwenyewe, huenda akakuta mashine ya alama za vidole, nayo inamwomba vidole mtu asiye navyo.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwenye tovuti iliyoundwa kwa uangalifu, kidole kimoja huvunja, na hata ukope mmoja hutosha. Kanuni za kuiunda hivyo hazijafichwa popote. Jumuiya ya W3C, inayosimamia viwango vya mtandao duniani, ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa ufikivu, yaani wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, Mei 1999, karibu miaka minane kabla ya M-Pesa kuzinduliwa. Toleo la Oktoba 2023 linaeleza mambo haya kwa lugha ya kupimika. Kila kinachofanywa kwa kipanya kiwezekane kwa kibodi. Mtumiaji asinaswe mahali asipoweza kutoka. Ionekane wazi mwangaza uko wapi. Sehemu ya kubonyeza isipungue pikseli 24 kwa 24, au iachiwe nafasi ya kutosha pembeni. Kinachovutwa kwa kidole kiwe na njia nyingine ya kukisogeza. Muda ukikaribia kwisha, mtu aonywe na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo jepesi. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtambo mpya. Kitufe cha kawaida cha HTML hutii kibodi bila kuongezwa chochote, na kinachokiharibu ni fundi kukiacha na kuchora cha kwake.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya kufikia maeneo, usafiri na habari, na ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu Mei 2008, na Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinaitaja intaneti kwa jina. Sheria ya mwaka 2003, iliyotungwa wakati wa simu za vibandani, imefuatwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyotiwa saini Mei mwaka huo. Mwaka 2022 Shirika la Viwango, KEBS, likishirikiana na shirika la inABLE na wadau wengine, lilitoa kiwango cha KS 2952 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, na Kenya ikatajwa kuwa ya kwanza Afrika kufika hapo. Tulijivunia tangazo hilo. Lakini kiwango kisipopimwa kwenye tovuti, na kukivunja kusipomgharimu mkandarasi hata shilingi moja ya malipo yake, hakimsaidii mtu wa Kachibora kujaza fomu.

Tunarudi kwenye suala la siri kwa sababu ndilo zito kuliko yote na ndilo linalotajwa kwa nadra. Akaunti ya eCitizen hubeba kitambulisho, pasipoti, leseni na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Simu inayopokea msimbo ndiyo yenye M-Pesa, mkopo wa Hustler Fund na akiba ya chama. Kila benki hutuonya tusimpe mtu namba ya siri, hata awe ndugu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema habari za mtu binafsi zilindwe, zikiwemo za afya yake. Onyo hilo na sheria hiyo vinavunjwa kila siku kwenye vibanda vya saiba vya Kachibora, Kitale, Chwele na Webuye, na mara nyingi wanaovivunja hawana nia mbaya. Kijana wa saiba anamsaidia mteja wake. Mlezi anampenda mtu wake. Lakini haki ya raia haipaswi kutegemea wema wa mtu mwingine, kwa kuwa siku wema huo utakapokosekana, aliyeibiwa hatakuwa na pa kushika: rekodi itaonyesha kwamba nywila ilikuwa yake, msimbo ulikuja kwenye simu yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeutoa. Na yapo mambo ambayo mtu mzima hapaswi kumweleza mlezi wake, iwe ni ugonjwa anaotafutia tiba, deni alilonalo, au malalamiko dhidi ya mlezi huyohuyo.

Tumesikia majibu ya kila mara. Watu hao ni wachache, huambiwa. Katiba haikuandika idadi ya chini inayomstahilisha mtu haki. Wana walezi wao, huongezwa. Mlezi humlisha na kumwogesha. Hakuajiriwa kuwa mwenye akaunti yake ya benki. Tuanze na umeme na mtandao kwanza, husema wengine, kwa kuwa vijiji vingi vya Trans Nzoia na Bungoma bado havina mtandao imara. Hoja hiyo ina uzito, ila kuvuta nyaya na kurekebisha fomu ni kazi za mafundi tofauti na zinaweza kwenda pamoja. Kusubiri kuna hasara yake pia, maana tovuti iliyojengwa vibaya leo itabomolewa na kujengwa upya kesho kwa gharama mara mbili.

Jibu la gharama ndilo dhaifu kuliko yote. Ufikivu ukiwekwa tangu mwanzo huongeza kidogo sana kwenye kazi ya fundi. Faida yake pia huwafikia watu wengi wasiojiita walemavu: mama anayetumia simu kwa mkono mmoja huku amempakata mtoto, mzee ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, mkulima ambaye viganja vyake vimepasuka kwa jembe, na mtu yeyote ambaye mtandao wake wa polepole humfanya atolewe nje kabla fomu haijafunguka. Ulaya imekwisha kulifanya jambo hili kuwa sharti la biashara: tangu 28 Juni 2025, sheria ya ufikivu ya Umoja wa Ulaya inazibana benki, maduka ya mtandaoni na kampuni za simu. Kampuni ya Kenya inayotaka kuuza huduma huko italazimika kuwatimizia Wazungu kanuni ambazo haijawatimizia Wakenya.

Tunasema basi yafuatayo, na tunawataja wahusika kwa taasisi zao.

Mamlaka ya ICT na wasimamizi wa eCitizen wapime tovuti zote za huduma za serikali kwa KS 2952, na matokeo yachapishwe hadharani, huduma kwa huduma. Waanze na zile zinazowagusa watu wenye ulemavu moja kwa moja: usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, SHA, msamaha wa kodi, Inua Jamii na KUCCPS. Mwanafunzi wa shule ya Nalondo huko Kabuchai, inayofunza vijana wenye ulemavu wa viungo, aweze kuchagua kozi yake ya chuo mwenyewe, bila mwalimu kumshikia kipanya. Kuingia kwenye akaunti kuwe na njia zaidi ya moja, ili asiyeweza kuandika msimbo wa haraka au kutoa alama ya kidole apate njia nyingine iliyo salama sawasawa. Na pale msaidizi anapohitajika kweli, mfumo umruhusu raia kumteua kwa jina, kwa akaunti ya msaidizi mwenyewe, kwa shughuli maalumu na kwa muda maalumu, kila alichokifanya kikiandikwa, ili nywila ibaki kwa mwenyewe.

Mamlaka ya Mawasiliano inakusanya tozo ya asilimia 0.5 ya mapato ya kampuni za mawasiliano kwa ajili ya Hazina ya Huduma kwa Wote. Kwa wote ni pamoja na asiyeweza kugusa kioo. Sehemu ya hazina hiyo inunue swichi, vishikio vya simu na mafunzo ya kuvitumia. Baraza la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hutoa viti vya magurudumu na magongo, liviweke vifaa hivi kwenye orodha hiyohiyo, kwa sababu mtu aliyepewa kiti bila njia ya kutumia simu ameletwa hadi mlangoni na kuachwa hapo.

Serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zina wajibu wao usiongojea Nairobi. Kaunti zina tovuti zake, mifumo yake ya kulipia ada na leseni, na zabuni zake. Bunge la kila kaunti liweke sharti kwenye mikataba: mkandarasi asilipwe fungu la mwisho hadi mfumo wake ujaribiwe na watu wenye ulemavu mkali wa viungo, wakilipwa kwa kazi hiyo kama wataalamu, kwa kuwa ni wataalamu. Vituo vya kidijitali vinavyofunguliwa wadini viwe na mlango usio na ngazi, meza inayopitisha kiti chini yake, na angalau kompyuta moja yenye swichi. Vijana wanaosimamia vituo hivyo wafundishwe kumwekea mtu kifaa kisha wampishe, badala ya kumfanyia.

Na wananchi wenyewe wasikae kimya. Anayezuiwa na tovuti ya umma aandike malalamiko kwa Tume ya Haki za Kibinadamu, au kwa Tume ya Utawala wa Haki, ambayo husimamia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Malalamiko kumi yaliyoandikwa na kupewa namba yatasomeka vizuri zaidi mbele ya jaji kuliko manung'uniko elfu ya sokoni.

Kuna jaribio ambalo waziri wa kaunti, mkurugenzi au mjumbe wa kamati yeyote anaweza kulifanya kabla ya chakula cha mchana. Achomoe kipanya kwenye kompyuta yake. Afungue tovuti ya idara yake, kisha ajaribu kumaliza huduma moja, tangu kuingia hadi kupata risiti, kwa kibodi peke yake. Akikwama, ajue kwamba raia wake amekwama hapo kwa miaka. Kila mfumo mpya utakapoletwa mbele ya kamati ya bajeti, swali la kwanza liwe hili: ni nani asiyeweza kutumia mikono aliyeujaribu, na je, alimaliza peke yake na siri zake zikabaki zake? Pasipo jina la kutaja, mfumo haujakamilika, na fedha za umma zisitoke.